Usukani ukicheza mdundiko, usikimbilie spea!

HEBU niambie msomaji wangu, umewahi kushika usukani wenye homa? Gari linakwenda shwari, redio inaimba, lakini gusa breki uone! Usukani unatetemeka mikononi utadhani uko kwenye mdundiko.

Mimi yalinikuta. Shangazi yangu ananunua samaki mnadani pale Feri na kuwapeleka Mbagala. Dereva wa Noah yake ni mimi, mtoto wa kaka yake niliyeishia fomu foo. Alfajiri tunapakia matenga na barafu, tunaikamata Kilwa Road kabla foleni haijaamka. Sasa kila nikipunguza mwendo, usukani hoi, matenga yanagongana, shangazi kakamata dashibodi kwa mikono miwili.

"Wewe mtoto huna breki za miguu," ananiambia. Kumbe hata yeye alidhani ni uendeshaji wangu!

Tukaenda gereji moja, jina kapuni. Wakabalansi tairi. Wapi! Wakasema shokapu zimekufa, tukanunua nyingine. Bado. Mara ya tatu wakachonga diski za mbele, gari likatulia kama maji ya mtungini. Tukashangilia. Miezi mitatu baadaye ugonjwa ukarudi vile vile.

Hapo shangazi akanivunjia ukimya. "Mwanangu, mtaji wa samaki unaishia kwenye gari. Likishindikana wiki hii, ufunguo nampa dereva mwingine." Jamani, kibarua kilikuwa kinaota nyasi hivi hivi nakiona!

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja fundi, maeneo ya Gerezani pale Kariakoo. Nikampa shikamoo, nikaanza kumtajia spea zote tulizobadilisha. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Kijana, sijakuuliza mmenunua nini. Linatetemeka lini?"

Msomaji, gereji zote nilizopita hakuna aliyeniuliza swali hilo. Yeye alikuwa nayo manne, nami nakupa yote bure.

La kwanza: linatetemeka ukikanyaga breki tu, au hata usipokanyaga? Kama linatetemeka kwenye mwendo wa 80 hadi 100 bila kugusa breki, anza na tairi, rimu na balansi. Kama ni kwenye breki tu, balansi utalipia bure kama mimi.

La pili: unasikia wapi? Mikononi kwenye usukani, mara nyingi ugonjwa uko breki za mbele. Ukisikia kwenye kiti na bodi zima huku usukani umetulia, angalia nyuma.

La tatu: unakanyagaje? Ukibana breki kwa ghafla, hasa kwenye mvua au mchanga, pedali ikakupiga mguuni haraka haraka na kunguruma, huenda ni ABS inafanya kazi yake. Huo si ugonjwa, usiachie mguu. Lakini kama linatetemeka hata ukikanyaga taratibu, hapo lipo jambo.

La nne: lilianza baada ya nini? Tairi zilifunguliwa? Diski zilichongwa? Gari lilikaa muda mrefu bila kutembea? Jibu la hapa linaweza kukuokolea fedha nyingi.

Nilipomaliza kujibu, mzee akapiga jeki. Akashika tairi juu na chini akalitikisa, kisha kushoto na kulia. Alikuwa anatafuta mchezo kwenye boli jointi na tairodi, kwani zikilegea, mtetemo mdogo hugeuka tetemeko. Zilikuwa nzima. Akaangalia kalipa kama pini zake zinateleza, maana ikikwama, pedi hubaki zimebana na diski huchemka. Ukiwahi kusikia harufu ya kuungua gurudumu moja tu, ujue mchawi wako ndiye huyo.

Kisha akatoa kisaa cha kupimia, akakigusisha kwenye diski na kuizungusha polepole. Mshale ukawa unapanda na kushuka. Akanionyesha: magari mengi huruhusu diski iyumbe karibu 0.05 mm tu. Unywele wa kichwani kwangu ni mnene kuliko hapo!

"Lakini mzee, si walishaichonga?"

Hakujibu. Aliichomoa diski akaniita nitazame kitovu inapokalia. Kutu tupu, imejijenga magamba! Gari linalokaa na samaki, barafu na upepo wa chumvi wa Feri, unategemea nini?

Kumbe siri ilikuwa hapo. Gereji walichonga diski safi wakairudisha juu ya kutu. Ikakaa upande, upande wa kiasi kidogo mno. Siku za mwanzo huwezi kusikia kitu. Lakini kila mzunguko pedi inaigusa sehemu ile ile, hata bila breki, inailamba kidogo kidogo. Miezi inapita, diski inakuwa nyembamba hapa na nene pale. Sasa ukikanyaga, penye unene panasukuma pedi, penye wembamba panaachia, na ile sukuma-achia inapanda hadi mikononi. Watu husema "diski imepinda kwa moto", kumbe mara nyingi haikupinda, imelika vibaya au imegandwa na unga wa pedi sehemu sehemu.

Mzee akasugua kitovu kwa brashi ya waya hadi kikang'aa. Akapima unene wa diski kwa maikromita, akalinganisha na kiwango cha mwisho kilichogongwa kwenye diski yenyewe. Ilikuwa bado ina nyama, ikachongwa kidogo. Ingekuwa imeshuka chini ya kiwango, alisema, asingeichonga hata ningempigia magoti. Ningenunua mpya mbili, kushoto na kulia.

Mwisho akakaza nati kwa mtindo wa msalaba, siyo kwa kuzunguka, akitumia spana inayopima nguvu. Kwa Toyota nyingi ndogo na za kati ni 103 Nm. Wale vijana wanaoruka juu ya wili spana kwa miguu miwili wanaweza kukuvuta diski ikae kombo siku hiyo hiyo.

Akaniachia na onyo: ukitoka barabarani diski zikiwa za moto, usikimbilie kuosha gari. Maji ya baridi kwenye chuma cha moto yanaweza kuiharibu.

Spea nilizonunua siku hiyo? Sifuri. Nililipa ufundi na kuchonga, basi.

Ila usinielewe vibaya, breki si kitu cha kusubiri mwisho wa mwezi. Kwa mwendo wa 80, gari linakula zaidi ya mita 22 kila sekunde. Pedali ikizama, gari likivuta upande mmoja, au ukisikia chuma kikisaga chuma, paki hapo hapo, umwite fundi. Mtetemo nao usiuzoee. Nenda mapema, ila nenda na majibu yako manne, na fundi asiyeuliza swali hata moja kabla ya kukutajia spea, mwage.

Kesho yake alfajiri tukatoka Feri na matenga sita. Kwenye taa za kwanza nikakanyaga breki. Kimya. Nikamgeukia shangazi nipokee sifa zangu.

Alikuwa amesinzia. Akaamka Mbagala.

Tukutane wiki ijayo!