Gitaa la Umeme katika Wimbo wa Kiswahili: Kutoka Kambi ya Askari hadi Redio ya Isiolo

Utangulizi

Isiolo ni mji wa mpakani kwa maana nyingi. Hapo ndipo miteremko ya Meru inapokoma na nyika za Kaskazini mwa Kenya zinapoanza. Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru hukutana sokoni, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Mji huu haukuwa kitovu cha bendi kubwa wala cha studio za santuri. Hata hivyo, nyimbo za dansi za Kiswahili zilifika na zikapata wasikilizaji. Makala haya yanaeleza historia ya ala iliyozibeba nyimbo hizo, yaani gitaa la umeme. Aidha, yanajenga hoja kwamba gitaa hilo si pambo la maneno, bali ni sauti ya pili ya wimbo; mhakiki anayelipuuza huhakiki nusu tu ya utungo.

Asili ya ala

Gitaa la umeme lilizaliwa Marekani kutokana na haja iliyo wazi: gitaa la mbao halikusikika katikati ya tarumbeta na ngoma za kumbi za dansi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker waliunda gitaa ambalo watu walilibandika jina la kikaango kutokana na umbo lake. Chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi unapotikisika, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa katika waya huo, nao hukuzwa na amplifaya hadi ukawa sauti katika spika. Baadaye yalifuata magitaa yenye mwili mzima usio na uwazi ndani, ambayo yangali yakithaminiwa na wapigaji: Telecaster ya kampuni ya Fender mwaka wa 1951, Les Paul ya Gibson mwaka wa 1952 na Stratocaster mwaka wa 1954.

Askari na gitaa

Historia ya ala hii nchini Kenya haiwezi kutenganishwa na historia ya jeshi la KAR, na hapa ndipo Isiolo inapoingia katika simulizi. Mji huu ulikua kwa kiasi kikubwa kutokana na makazi ya askari Wasomali waliotumikia Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi hilohilo, katika Vita vya Pili, lilikuwa na kikosi cha burudani, na miongoni mwa wanamuziki wake alikuwamo Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya mwaka wa 1924. Baada ya vita Konde alirekodi nyimbo za Kiswahili zilizopendwa mno, na hutajwa mara nyingi kuwa Mkenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Alifariki mwaka wa 2000.

Si kwamba gitaa lilikuwa geni kabla ya umeme. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952, alionyesha kuwa mtu mmoja mwenye gitaa kavu aweza kuwa mtunzi, mwimbaji na bendi kwa wakati mmoja. George Mukabi alifanya vivyo hivyo magharibi mwa Kenya. Umeme ulikuja kuvunja upweke huo. Katika miaka ya 1960, wanamuziki wa Equator Sound jijini Nairobi, wakiwemo Fadhili William na Daudi Kabaka, waligawana kazi: mmoja ridhimu, mwingine solo, mwingine besi.

Sauti ya pili

Mgawanyo huo ulibadilisha muundo wa utungo wenyewe. Mtazame Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya barabarani mwaka wa 1979. Yeye aliimba na kupiga solo. Mshororo unapotua, solo hudakia. Nayo ikitua, sauti hurudi. Huo ni mtindo wa malumbano, ambao mwanafunzi wa fasihi simulizi anaufahamu vyema, ila mlumbi mmoja hapa hana maneno.

Isitoshe, santuri ndogo za miaka ya 1970 ziliugawa wimbo mrefu katika pande mbili. Aghalabu upande wa kwanza ulibeba beti, na upande wa pili ukabeba chemko, ambapo maneno hupungua na magitaa hutawala. Anayenakili maneno ya wimbo kwa ajili ya uhakiki huweka kalamu chini pale chemko linapoanza. Lakini mchezaji dansi ndipo kwanza anapoamka! Katika Sina Makosa ya Les Wanyika, gitaa la ridhimu la Omar Shabani huutambulisha wimbo hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Redio na Kaskazini

Gitaa la umeme linahitaji umeme, amplifaya na mtaji. Ndiyo maana bendi zilijikusanya Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Morogoro. Kwa upande wa Kaskazini mwa Kenya palikuwa na vizuizi zaidi: vita vya Shifta kati ya 1963 na 1967, na sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991. Msafiri alisimamishwa kizuizini na kuulizwa aendako. Redio haikusimamishwa. Redio ndogo ya betri iliweza kupokea idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Kenya mahali ambapo waya wa umeme haukufika. Leo nyimbo za Kiborana nazo hupigwa kwa gitaa.

Hitimisho

Mjadala kuhusu nani hasa alitunga Malaika, wimbo ambao Fadhili William aliurekodi lakini wengine nao wakadai ni wao, unatufunza kuwa kumbukumbu zisipoandikwa mapema huzaa ugomvi usiokwisha. Ikiwa mtunzi anaweza kugombaniwa, mpiga besi atakumbukwa na nani? Mwanafunzi anayekwenda nyanjani kukusanya nyimbo, iwe Isiolo au kwingineko, hana budi kuuliza maswali mawili zaidi: nani alipiga gitaa gani, na gitaa lilijibu nini mwimbaji aliponyamaza? Wazee wenye majibu wanazidi kupungua, na mali bila daftari hupotea bila habari.