Juisi ya nyumbani: pesa inaishia kwenye matunda, si kwenye mashine

Anayetaka kuanza kutengeneza juisi nyumbani huuliza kwanza anunue mashine gani. Aanze na matunda, kwa maana mashine hununuliwa mara moja na matunda kila siku.

Glasi ya mililita 250 ya machungwa matupu hula machungwa manne hivi. Chungwa likiuzwa shilingi 200, glasi hiyo ni shilingi 800, na familia ya watu watano inakunywa shilingi 4,000 kwa mkupuo mmoja. Pasheni kumi hivi, zikiongezwa maji na sukari kidogo, zinajaza jagi la lita moja. Ukwaju na ubuyu ni rahisi zaidi: vikiwa vikavu havihitaji friji, na kazi yake ni kuroweka, kupekecha na kuchuja. Embe lisubiri msimu.

Umeme usikutishe. Blenda ya wati 400 ikizunguka dakika 3 inatumia uniti 0.02. Hata uniti ingekuwa shilingi 400, hiyo ni shilingi 8 tu.

Kikamulio cha mkono. Ndicho cha bei ndogo kuliko vyote, na umeme ukikatika hakikwami. Kinafaa machungwa, ndimu na malimao, basi.

Blenda. Inasaga embe, papai, parachichi, nanasi na tikiti, na jioni inasaga nyanya za mchuzi. Usipochuja, nyuzinyuzi za tunda unazinywa. Pasheni izungushe kwa sekunde chache tu. Mbegu zikisagika, juisi inakuwa na chengachenga. Kabla ya kulipa, fungua jagi utazame kisu na ule mpira wa chini yake, kisha uulize kama vinauzwa peke yake. Mpira ukichoka jagi linavuja, na usipopata mwingine unalazimika kununua blenda mpya.

Mashine ya kukamulia. Inatenganisha maji na makapi, hivyo karoti, tangawizi na tufaha hutoka safi. Lakini ni ghali, ina vipande vingi vya kuosha, na sehemu ya tunda ulilolipia inabaki kwenye makapi.

Juisi ya boksi. Haina kazi, ila soma maandishi. “Juisi 100%” na “nekta” si kitu kimoja: katika viwango vya kimataifa vya Codex, nekta za matunda mengi huruhusiwa kuwa na tunda asilimia 25 hadi 50 tu, kinachobaki kikiwa zaidi maji na sukari.

Kwa afya, Shirika la Afya Duniani huhesabu hata sukari ya asili ya juisi miongoni mwa sukari za kupunguzwa. Glasi ndogo inatosha. Maji ya kuchanganyia yawe yamechemshwa, na juisi inywewe siku hiyohiyo.

Kwa familia nyingi, blenda ya kawaida yenye vipuri vinavyopatikana na chujio zuri vinatosha. Pesa inayobaki inunue matunda ya msimu.