Taa mbovu kidimbwini ni hatari kwa waogeleaji

JAMII inapojenga ukumbi wa burudani wenye kidimbwi cha kuogelea, aghalabu suala la taa huachwa hadi mwisho. Hilo ni kosa, kwani mwangaza mbaya waweza kumzuia mwokoaji kumwona anayezama.

Kiini cha tatizo ni mng'ao. Maji yakitazamwa wima kutoka juu, huakisi takriban asilimia 2 tu ya mwanga. Lakini kadiri jicho linavyotazama kwa mshazari, ndivyo uso wa maji unavyogeuka kioo. Ndiposa kiti cha mwokoaji huinuliwa. Taa kali au dirisha kubwa lililo mkabala naye humfichia sakafu ya kidimbwi.

Kuongeza taa si dawa. Viwango vya Ulaya hupima mwangaza kwa laksi: 200 kwa uogeleaji wa kawaida na 500 kwa mashindano makubwa. Muhimu zaidi ni taa zielekezwe wapi. Zikimulika dari nyeupe, mwanga hurejea kwa upole bila kuumiza macho. Taa za ndani ya maji nazo huangaza sakafu, mradi zitumie umeme hafifu wa volti 12.

Isitoshe, taa zifungwe kandokando wala si juu ya maji, ili fundi azifikie bila kidimbwi kufungwa. Ziwe pia za kustahimili klorini, ambayo hula chuma.

Kabla ya kidimbwi kufunguliwa, msimamizi na aketi kwenye kiti cha mwokoaji, mchana na usiku. Asipoiona sakafu yote, kazi haijakamilika.