Sauti ya Usinge isiishie njiani

Tuseme shahidi amekaa mbele ya kamera Usinge, wilayani Kaliua, na jaji yuko Tabora mjini. Shauri ni la mpaka wa shamba. Anaulizwa kama mwembe wa mpakani ulikuwapo mzee mwenye shamba alipofariki au ulipandwa baadaye. Anaanza kujibu, picha inaganda. Baada ya nusu dakika mtandao unarudi na anaombwa arudie. Anarudia, ila sasa amekwisha kumtazama ndugu yake aliyekaa pembeni, na jibu limepungua neno moja.

Je, jibu la kwanza limo kwenye rekodi? Inategemea kinasa kimewekwa wapi.

Kinasa cha mkutano wa video ni kompyuta iliyopewa kazi moja. Huchomekwa kwenye swichi ya mtandao kwa kebo, hupewa anwani yake ya kudumu kwenye mtandao, kisha huingia mkutanoni kama mshiriki mwingine asiyesema wala kuonekana. Mitambo mingi ya vyumba vya mikutano hupigiana kwa taratibu za H.323 au SIP, na kinasa nacho hupigiwa kwa njia hizo hizo. Hadi hapo hakuna ugumu. Fundi anayejua kazi yake humaliza kabla ya chakula cha mchana, pamoja na kulinganisha saa ya mashine na saa ya mtandao, jambo ambalo halifai kurukwa, maana rekodi yenye saa ya uongo huzaa ubishi mahakamani.

Ugumu uko kwingine. Kinasa huhifadhi kile tu kilichokifikia. Kikikaa Tabora au Dodoma, na laini ya Usinge ikakatika kwa nusu dakika, nusu dakika hiyo haimo popote duniani. Mkutano utarekodiwa vizuri sana kwa upande wa mjini, na mtu wa kijijini atabaki na mapengo. Mimi hili naliona ni suala la haki kabla ya kuwa suala la ufundi.

Njia ya Tabora kwenda Ujiji inalijua jambo hili tangu enzi za misafara. Mfuko wa barua za mpelelezi David Livingstone, ulioandikwa tarehe ya Novemba 1, 1870, ulitoka Unguja ukakwama Unyanyembe, eneo la Tabora. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora, na njia fupi iliyopita kwake Urambo ikafungwa. Ilibidi Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, azunguke nao kusini, na mfuko ukamfikia mwenyewe Ujiji mwaka mzima baada ya kuondoka pwani. Livingstone naye, mwaka huo huo, alikuwa ameishiwa karatasi huko Nyangwe, Kongo. Akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu, kwa wino wa matunda ya porini. Wino ukafifia hata maandishi yakawa hayasomeki, lakini mwaka 2011 wataalamu waliyasoma tena kwa kupiga picha kurasa zile chini ya mianga ya rangi mbalimbali. Wino ulikuwa duni, lakini aliandika pale pale, mambo yakiwa bado mabichi.

Basi kinasa kikuu kikae mjini, sawa, ila kingine kidogo kikae Usinge, kimechomekwa moja kwa moja kwenye kamera na kipaza sauti kabla sauti haijaingia kwenye laini. Hesabu yake si ya kutisha. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Kikao cha saa 3 ni chini ya gigabaiti 1.4, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 2,000. Usiku, laini ikiwa haina kazi, faili hutumwa Tabora. Kwa kasi hiyo hiyo ya megabiti 1, saa 3 za kikao huchukua saa 3 kusafiri, na zikikatika njiani zinaendelea pale zilipoishia. Umeme nao ukatike tu, mradi betri ya akiba ibebe kamera, swichi na kinasa kwa pamoja. Nimesema kwa pamoja kwa sababu betri inayolinda kinasa na kuiacha kamera gizani haijasaidia kitu.

Sauti ipewe uzito kuliko picha. Mvua ikipiga bati, kipaza sauti kilichowekwa juu ya kamera, mita tatu kutoka kwa shahidi, kitanasa mvua. Kisogezwe mezani karibu na mdomo wake, na ukutani yatundikwe mapazia mazito ya kuzuia mwangwi.

Sheria imekwisha kufungua mlango. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, Mahakama ya Tanzania ilisikiliza mahabusu kwa video bila kuwatoa magerezani. Mwaka 2021 zikatoka kanuni za kusikiliza mashauri kwa mbali na kurekodi kwa njia ya kielektroniki, na mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mahakama ipime kama njia iliyotumika kutengeneza, kutunza na kusafirisha taarifa inaaminika. Rekodi yenye mapengo upande wa shahidi itajibu nini ikiulizwa hivyo?

Ndugu unayepanga bajeti ya chumba cha video wilayani, luninga kubwa isikutie haraka. Siku fundi anakabidhi kazi, mweke mtu azungumze mbele ya kamera, kisha uchomoe kebo ya intaneti kwa dakika 5 huku akiendelea. Irudishe, ufungue rekodi, usikilize. Dakika zile 5 zisipokuwamo, usisaini hati ya kupokea vifaa.