Je, Wajua? Baiskeli, Mpaka na Miiba

Kama wewe na wenzako mnapanga kutoka Mbumbuni mzunguke kwa baiskeli wiki nzima mpakani mwa Makueni na Kitui, haya hayana uzito kwenye keria. Je, wajua…

…kwamba mpaka wenyewe ni maji? Mto Athi ndio unaozitenga kaunti hizi mbili. Baada ya kukutana na Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari kaskazini mwa Malindi huitwa Sabaki. Mto mmoja, majina matatu.

…kwamba ule ukuta mrefu ng'ambo ya Athi, bapa juu kama meza, ni lava iliyoganda? Ndio uwanda wa Yatta, takriban kilomita 300, miongoni mwa mikondo mirefu zaidi ya lava duniani. Kazi ni kuupanda tu. Juu ni tambarare.

…kwamba boda boda ilizaliwa mpakani, tena bila injini? Miaka ya 1960 kule Busia, vijana wa baiskeli walivusha abiria kati ya Kenya na Uganda wakinadi "boda, boda!", yaani mpakani. Pikipiki zilirithi jina tu.

…kwamba mto mkavu Ukambani huenda umeficha maji? Watu hujenga ukuta wa zege kukatiza mto wa msimu, mafuriko yakaleta mchanga ukajaa nyuma yake. Hadi asilimia 40 ya ujazo huo huweza kuwa maji, jua lisiyafikie. Chimbeni kisima kifupi, mngoje yajikusanye, kisha myachemshe.

…kwamba anayemfuata mwenzake gurudumu kwa gurudumu huweza kuokoa karibu theluthi ya nguvu zake? Mwenzake ndiye anayeukata upepo. Basi pokezaneni mbele. Asiyetaka zamu yake anabebwa.

…kwamba Chris Froome, bingwa wa Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi? Alipokuwa kijana alinolewa na Mkenya David Kinjah.

…kwamba tairi la upepo lilipata umaarufu kwa sababu ya mtoto? John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alitaka baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu isimrushe-rushe. Hataza aliipata 1888. Migunga ya huku hakuijua.

…kwamba fundi mzuri wa panchari hujulikana kwa kidole? Huzamisha tyubu kwenye karai la maji, akafuata viputo hadi kwenye tundu. Hulikausha, akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akangoja kidogo ndipo abandike kilaka. Lakini kabla ya kurudisha tyubu, hupitisha kidole polepole ndani ya tairi lote. Mwiba uliowatoboa mara nyingi ungali humo, unangoja mjaze upepo.