MKONO ULIO MZIMA NAO UFUNDISHWE

Fungua daftari lako, uandike neno la leo: KIHARUSI. Lisome polepole: ki-ha-ru-si.

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Mshipa wa damu kichwani huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Nyuzi nyingi za fahamu huvuka kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili. Basi ubongo ukiumia kushoto, mkono wa kulia ndio upoozao. Si upepo mbaya, wala si kazi ya jirani yako. Ukimwona mtu mdomo umepinda ghafula, mkono umelegea, maneno hayatoki sawasawa, mpeleke hospitali saa ile ile.

Sasa mfikirie mvuvi wa Matema aliyepooza mkono wa kulia. Amerudi nyumbani. Jamaa wote huutazama mkono huo mgonjwa, wakaukanda na kuusugua. Mkono wa kushoto hakuna autazamaye, kwani wanasema ni mzima. Lakini mwambie aokote kwa mkono huo punje za mchele, moja moja, azitie katika kikombe. Utaona anachelewa, na punje zinamponyoka. Sababu si kukosa mazoea tu. Sehemu ndogo ya nyuzi za fahamu haivuki. Hubaki upande ule ule. Tena pande mbili za ubongo husaidiana kazi. Kwa hiyo mkono wa kushoto nao umepungukiwa, ingawa kidogo. Na huo ndio mkono anaoutegemea kwa kula, kuoga na kuvaa! Asipoweza kufunga kifungo cha shati kwa mkono huo, hana mwingine.

Huenda umesikia habari za roboti. Roboti ni mashine inayofanya kazi kwa kufuata maagizo iliyopewa. Huko Marekani, wataalamu Hogan na Krebs walitengeneza roboti iitwayo MIT-Manus, na kuanzia mwaka 1994 waliijaribu kwa wagonjwa. Mgonjwa hufungiwa mkono wake katika mkono wa mashine. Akishindwa kuusogeza, mashine humsaidia. Wajerumani nao walitengeneza nyingine yenye mipini miwili. Mkono wenye nafuu huzungusha mpini mmoja, na mashine huuzungusha mkono mgonjwa vivyo hivyo, kama sura katika kioo. Hapo mikono yote miwili inafundishwa.

Je, mashine hizo hushinda mazoezi ya kawaida? Mwaka 2019 Waingereza walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 770. Waliotumia roboti hawakupata faida zaidi katika kutumia mkono kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mimi nilifurahi kusoma hayo, maana mtu wa Ipinda au Itungi asijione amenyimwa dawa kwa kukosa mashine hiyo.

Basi fanya hivi, baada ya kumwuliza mganga wa hospitali au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mkono wenye nafuu upewe kazi za vidole: kuokota maharagwe, kufunga vifungo, kufunika chupa. Kila siku, na kazi iongezwe ugumu kidogo kidogo. Lakini usiuache mkono mgonjwa ulale. Ushike bakuli wakati mwenzake unaosha. Ukishindwa kushika, ulikandamize tu juu ya meza lisiteleze. Tena, nakusihi, usimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega lake limelegea, nalo huumia upesi. Nimeona wana wema kabisa wakimwinua baba yao hivyo, naye akilia kwa maumivu.

Mama, usimlishe mzee aliye na mkono mmoja unaoweza. Mwache ale mwenyewe, hata wali ukimwagika mkekani. Utafagia.

Kazi ya nyumbani: andika maneno haya mara tatu: ubongo, mshipa, bega, kifungo. Kisha jibu: kwa nini mkono wa kushoto wa mvuvi wetu ulidondosha mchele? Juma lijalo tutasoma juu ya chumvi na shinikizo la damu. Kwaherini.