Kadi ya Mshahara si Rehani
Mke wa askari anayetaka kuuza chumvi ya Katwe katika soko la mpakani Mpondwe, karibu na Bwera, huhitaji mtaji. Hana hati ya shamba ya kupeleka benki. Basi mkopeshaji binafsi humdai kadi ya benki ya mumewe pamoja na namba ya siri. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza mkopeshaji kushika kadi hiyo, au kitambulisho, kuwa rehani. Lakini mwenye shida huisoma lini sheria?

Afadhali chama. Huko Kyarumba, milimani Kasese, wakulima wa kahawa wa Bukonzo Joint huweka akiba na kukopeshana. Wamefundishwa pia, mume na mke, kuichora pamoja mipango ya nyumba yao, hata asiyejua kusoma.